Mnenguaji ametubu, filamu yake bado inaonyeshwa

Septemba 20, 1999 alifariki mjini Cairo mwanamke aliyejulikana katika nchi zote za Kiarabu kwa jina la Tahia Carioca. Wazazi wake, watu wa Ismailia, walimwita Badawiya. Jina la Carioca lilitokana na ngoma ya Kibrazil iliyokuwa ikivuma wakati alipokuwa akichipukia katika ukumbi wa Badia Masabni, mwanamke wa Kishami aliyefungua jumba lake la starehe Cairo mwaka 1926. Humo humo ndimo alimopitia Samia Gamal. Naima Akef, yeye alitokana na familia ya wacheza sarakasi. Hao watatu ndio wanaotajwa kila zinapozungumzwa zile zama ambazo wapenzi wa unenguaji wanaziita za dhahabu, yaani miaka ya 1940 na 1950, wakati filamu ya Kimisri isiyokuwa na mnenguaji ilikuwa kama biriani isiyokuwa na nyama. Filamu za Kimisri zilifika mpaka majumba ya senema ya Unguja, na baadhi ya wazee wetu hawahitaji kuelezwa na mimi mambo yalivyokuwa.

Msomaji asinielewe vibaya. Sina nia ya kuusifia unenguaji mbele za wanaume, na hukumu yake si jambo linalonipa tabu. Linalonipa tabu ni jingine kabisa.

Tahia katika uzee wake alivaa hijabu na akaenda kuhiji. Hata hivyo hakuiacha sanaa moja kwa moja. Katika mgogoro wa wasanii wa Misri kuhusu sheria ya chama chao iliyotoka mwaka 1987, alikuwa miongoni mwa waliogoma kula. Yaliyokuwa moyoni mwake tunamwachia Mola wake. Lakini katika miaka hiyo ya 1980 walijitokeza wanawake ambao hawakuacha nafasi ya kukisia. Mcheza filamu Shams al-Baroudi aliacha kazi mwaka 1982 baada ya kurudi kutoka Umra. Wakafuata wengine, akiwemo mwimbaji Shadia na mnenguaji Hala al-Safi. Walitangaza hadharani kuwa wametubu. Na wako walioandika kwamba wamenunuliwa kwa fedha za mafuta kutoka Ghuba! Yaani mwanamke alipokuwa akivua nguo kwa malipo hakuulizwa, alipovaa ndipo alipoulizwa kalipwa na nani.

Sasa, siku moja darasani nilikuwa nasomesha masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutoirudia, na kurudisha haki za watu. Kijana mmoja wa kidato cha nne akanyoosha mkono. "Ustadhi, huyo mama aliyetubu, filamu zake si bado zinaonyeshwa? Kwa hiyo kaacha au hajaacha?"

Swali hili si la kitoto. Upande mmoja tunafundishwa kwamba mwenye kutubu kikwelikweli ni kama asiyekuwa na dhambi. Upande wa pili Mtume (s.a.w.) ametuhadharisha kwamba mwenye kuanzisha mwenendo mbaya atabeba mzigo wake na mfano wa mizigo ya watakaomfuata. Filamu haizeeki. Mwenye kiuno kile anaweza kuwa bibi wa miaka 80 anayesali tahajudi, au yumo kaburini, huku kijana wa leo anamtazama kwenye simu akiwa na umri wa miaka 25. Je, daftari lake limefungwa au linaendelea kuandikwa?

Maulamaa wa Usul walilijadili jambo linalofanana na hili kabla hakujakuwa na filamu wala picha. Imam al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria, ametaja katika al-Muwafaqat mfano wa mtu aliyerusha mshale kumwua mwenzake, kisha akatubia mshale ukiwa bado hewani. Ametaja pia aliyeeneza bid'a kisha akatubia kabla watu hawajaishika. Hawa wametubia wakati madhara yapo njiani na hawana uwezo wa kuyarudisha. Wapo wanaoona kwamba mtu wa namna hii akifanya lililo katika uwezo wake toba yake imetimia, na wapo waliosita.

Mimi naelemea kwa wa mwanzo, tena naona filamu iko mbali zaidi na mwenyewe kuliko mshale. Mshale ukishatoka hauhitaji mkono wa pili ili uue. Filamu haijionyeshi. Lazima yupo mwenye kampuni anayeiuza, mkuu wa televisheni anayeipanga saa tatu usiku, na mwenye nyumba anayebonyeza. Kila inapoonyeshwa kuna mkono mpya, na mkono huo una akili timamu na umebaleghe. Kwa nini mzigo wote tumtwishe mwanamke ambaye hana hata hati ya filamu yenyewe?

Na hapa ndipo penye donda. Tabia ya kumhukumu mnenguaji na kumsahau mtazamaji ni ya zamani. Mwaka 1834 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwafukuza wanenguaji Cairo na kuwapeleka kusini, Qena, Esna na Aswan. Kabla ya hapo serikali hiyo hiyo ilikuwa ikiwatoza kodi. Je, starehe ilikwisha? Cairo nafasi yao ilichukuliwa na wanaume waliojipamba kike. Nao wenye fedha walifunga safari: mwandishi wa Kifaransa Flaubert alimfuata Kuchuk Hanem huko huko Esna mwaka 1850. Hakuna mtazamaji aliyehamishwa.

Kuna mafundisho ya kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Tunayasimulia sana kwenye mawaidha, na watu hulia. Lakini apite mtaani dada mmoja aliyekuwa mnenguaji wa bendi, sasa kajitanda baibui, utasikia barazani, "Yule? Si namjua yule!" Umemjulia wapi, kaka? Si ulikuwa umekaa mbele?

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza. Ikiwa aliyetubu ana mali, je, inamlazimu atafute filamu zake na kuzinunua ili zisionyeshwe tena, kama sehemu ya kuacha dhambi? Na akiwa mali yenyewe aliichuma kwa kazi ile ile, hiyo fedha inafaa kwa kazi hiyo? Nilimwambia yule kijana anipe muda niwaulize walionizidi elimu. Mpaka naandika makala haya nimeshapata majibu mawili, nayo hayafanani. Wallahu a'lam.