Anayedai na Athibitishe

Simu ya deni bandia ni ile ambayo mpigaji anataka alipwe deni lisilokuwepo, deni lililokwisha kulipwa, deni la mtu mwingine, au deni la kweli ambalo si lake na wala hakutumwa na mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa anayepigiwa anajua moyoni kwamba kweli anadaiwa. Ulaghai mwingi wa simu hutega tamaa: umeshinda zawadi, umepata kazi Uarabuni, shamba linauzwa bei ya kutupa. Huu wa deni hautegi tamaa, unatega uaminifu. Asiyelipa hata madeni yake ya kweli atacheka na kukata simu. Anayenaswa ni yule anayeona haya kudaiwa. Kwa hiyo, kabla ya kuwa suala la usalama wa pesa, hili ni swali la maadili: je, kumtilia shaka anayekudai ni ukorofi na dhuluma, au ni sehemu ya haki yenyewe?

Jina la Kihoto linaufaa mjadala huu. Kihoto ni mtaa wa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, uliobanwa kati ya mji na ziwa, makao ya wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua. Kwa Kikuyu, kihooto ni haki, ila si haki ya jumla tu: ni haki inayosimama kwa hoja, kauli ambayo ikishatolewa mbele ya wazee upande wa pili hukosa la kusema. Neno hilo lina undugu na kitenzi cha kushinda. Methali ya Wakikuyu inasema kihooto huvunja upinde uliokwisha kuvutwa, yaani hata aliyelenga mshale hushindwa na hoja ya haki. Mpiga simu wa deni bandia huja na upinde tu. Ana vitisho, ana haraka, ana sauti ya ofisini. Kihooto hana.

Zamani deni lilikuwa na uso. Unga uliochukuliwa dukani uliandikwa kwenye daftari la mwenye duka, mkopo wa chama ulijulikana na wanachama wote, na mdai alikuwa mtu wa kukutana naye njiani, wakati mwingine wa kumkwepa njiani. Kisha deni likahamia kwenye simu: M-Pesa ilianza Machi 2007, M-Shwari ikafuata Novemba 2012, Fuliza Januari 2019, na Hazina ya Hustler tarehe 30 Novemba 2022. Katikati yao zimemiminika programu za mikopo za kila jina. Leo mfanyakazi mmoja anaweza kukopa sehemu nne kwa mwezi, shilingi 500 huku, 2,000 kule, bila kuonana na binadamu hata mmoja. Ziwa Naivasha lilipoingia katika nyumba za Kihoto mwaka 2020, na tena mwishoni mwa 2025 hata mashua zikapita palipokuwa vichochoro, waliohama hawakubeba orodha ya madeni yao. Mtu wa namna hiyo akiulizwa ghafla anadaiwa na nani na kiasi gani, hana jibu la haraka. Mlaghai anaishi katika pengo hilo.

Kulipa madeni ndiko kunakofungua moja ya vitabu vikuu vya falsafa. Katika Jamhuri ya Plato, mzee tajiri Cephalus anaeleza kwamba mali humsaidia mtu mwema asiondoke duniani akiwa na deni kwa miungu wala kwa wanadamu. Socrates anaichukua kauli hiyo na kuipima kama maana ya haki: kusema kweli na kurudisha ulichochukua. Kisha anatoa mfano. Rafiki aliyekuwekesha silaha zake akiwa na akili timamu, akirudi kuzidai akiwa ameingiwa na wazimu, je, ni haki kumpa? Cephalus anakubali kwamba si haki, halafu anawaachia wengine mazungumzo na kwenda kutoa sadaka zake. Wachamungu wengi huishia hapo alipoishia yeye: wanajua deni hulipwa, hawataki kuulizwa zaidi. Lakini mfano ule umeshaonyesha kwamba kuwepo kwa deni hakutoshi. Anayelidai naye lazima atazamwe. Na Socrates alikuwa akizungumza juu ya mwenye mali halisi. Mtu wa simu hana hata sifa ya yule mwendawazimu, ambaye angalau silaha zilikuwa zake.

Dini nazo hazichezi na deni. Katika Uislamu imepokewa kwamba Mtume alijizuia kumsalia maiti aliyekufa na deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Ni habari inayotetemesha, na mlaghai anayewapigia wafiwa akidai marehemu aliacha deni anategemea mtetemeko huo. Hata hivyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya al-Baqara, inahusu kuandikwa kwa deni: muda wake, mwandishi mwadilifu, mashahidi. Aya mbili kabla yake inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Mafakihi nao wana kanuni ya mahakamani: ushahidi ni juu ya anayedai, kiapo ni juu ya anayekana. Kwa hiyo anayewaambia wafiwa, "Tuma sasa hivi, usiulize," anaitumia hofu ya dini kuivunja sheria ya dini hiyo hiyo.

Kwa Wakristo, andiko linalosikika zaidi ni la Paulo kwa Warumi, sura ya 13, linalotaka mtu asiwiwe chochote isipokuwa upendo. Linalosahauliwa ni la Kumbukumbu la Torati 24, ambapo mdai anakatazwa kuingia katika nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, na mdaiwa mwenyewe ndiye amtolee. Mtoa sheria alijua kwamba hata mwenye haki ya kulipwa anaweza kudhulumu kwa namna anavyodai. Simu imeufuta mlango ule. Mdai anaingia mpaka chumbani, saa nne usiku, watoto wakisikia.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, lakini hakuna mganga anayetoa dawa kabla ya kujua ugonjwa. Dai ni maneno. Linakuwa deni pale linapoonyesha nani alimpa nani, nini, lini, na kwa masharti gani. Sheria ya Kenya inakubaliana na mafakihi na wazee: kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi kinamtwika mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka mahakama imwamulie. Anayeuliza maswali kabla ya kulipa hajakataa kulipa. Anahakikisha kwamba malipo yatamfikia mwenye nayo.

Kinachowavuruga wengi ni kwamba mpigaji anajua mambo. Anataja jina kamili, pengine hata nambari ya kitambulisho. Lakini yeyote anayeandika nambari ya simu kana kwamba anataka kutuma pesa kwa M-Pesa anaonyeshwa jina la mwenye laini kabla hajathibitisha. Kitambulisho na nambari ya simu huandikwa kila siku katika madaftari ya wageni kwenye malango ya majengo, mahali ambapo yeyote mwenye kalamu anaweza kusoma mistari iliyo juu ya wake. Kujua jina la mtu si ushahidi kwamba unamdai. Kuna wanaojua hata zaidi, kwa sababu taarifa zilivuja kutoka katika programu ya mkopo iliyosoma orodha nzima ya majina kwenye simu. Hao wanaweza kumtaja mama yako, na bado hawajathibitisha lolote.

Dalili nyingine hutokana na asili ya uongo wenyewe. Uongo hauna subira, hivyo muda unaotolewa ni saa moja, au kabla ya saa kumi jioni. Uongo haupendi maandishi, hivyo barua ya madai haitumwi, au inatumwa picha yenye muhuri uliokwaruzwa. Vitisho vyake pia havilingani na sheria. Polisi hawamkamati mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa mkopo. Hilo ni shauri la madai, na hata kifungo cha madai hakiji ila kwa amri ya mahakama baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza. Mtu hawekwi kwenye orodha ya CRB ya wasiolipa mikopo ndani ya nusu saa, kwani taarifa mbaya hutanguliwa na notisi ya siku 30. Na mwisho wa yote unakuja ule wimbo wa zamani ambao kila Mkenya anaujua: ile pesa tuma kwa hii namba. Kampuni halali hulipwa kwa nambari ya biashara iliyosajiliwa kwa jina lake, si kwa laini ya mtu binafsi. Na hakuna deni linalolipwa kwa kumtajia nambari ya siri mtu aliye upande wa pili wa simu.

Kuna deni bandia moja lisiloonekana kama deni: "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie." Mara nyingi ujumbe wa M-Pesa unaotangulia simu hiyo ni wa kughushi na salio halijaongezeka. Wakati mwingine pesa zimeingia kweli, na ujanja ni kwamba mpokeaji akishazirudisha, mtumaji anaomba muamala wa kwanza ubatilishwe na kuvuna mara mbili. Hapa dhamiri inabana kweli kweli, kwa sababu kushika pesa isiyo yako ni dhuluma. Lakini kurudisha kuna njia yake. Mtumaji aliyekosea hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na kampuni ya Safaricom hushughulikia. Anayepokea ana wajibu wa kutozitumia pesa hizo. Hana wajibu wa kuzituma anakoamriwa na sauti asiyoijua.

Aina nyingine huwapata wasiohusika kabisa. Laini iliyoachwa muda mrefu huuzwa upya, na mnunuzi hurithi simu za wadai wa mmiliki wa zamani. Wengine huambiwa kwamba waliandikwa kuwa wadhamini wa jirani au mfanyakazi mwenzao. Udhamini ni ahadi, na ahadi haitolewi kwa niaba ya mtu asiyejua. Mithali sura ya 6 inamhimiza aliyejifunga kwa kinywa chake mwenyewe kuwa dhamana ajitahidi kujinasua. Aliyefungwa kwa kinywa cha mwingine hakufungwa.

Je, anayepigiwa anawiwa ukweli na mlaghai? Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba haifai kusema uongo hata kwa muuaji anayeuliza rafiki yako amejificha wapi, na tangu hapo wengi wamemwona mkali kupita kiasi. Kwenye simu ya deni ugomvi huo hauna haja ya kuamuliwa. Kutosema uongo ni jambo moja, kujibu kila swali ni jingine. Kunyamaza si uongo. Kukata simu si uongo. Wanaojifurahisha kwa kumzungusha tapeli nusu saa wanampa sauti yao, jina la benki yao na muda wao, na kwa kawaida yeye ndiye mjuzi zaidi wa mchezo huo. Wakenya wamezoea kusema simu hizi zinatoka gereza la Kamiti au Mulot, ule mji mdogo wa mpakani mwa Bomet na Narok. Matapeli wamekamatwa Mulot kweli, lakini kumhukumu kila mtu wa Mulot kwa hilo si kihooto pia.

Upo upande wa pili ambao mjadala huu ungekuwa wa uongo kama ungeuruka. Mdai halisi naye anaweza kufanana na mlaghai kwa mwenendo wake, na hilo ndilo limewapa walaghai kichaka cha kujificha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, na kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu ya mkopaji. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, inayoendesha programu za KeCredit na Faircash, kwa vitisho vilivyotumwa kwa nambari zilizopatikana kupitia watu wengine. Mkopeshaji anayevunja heshima ya mteja wake hapotezi haki ya kulipwa alichokopesha, lakini amewazoeza watu kuamini kwamba hivyo ndivyo deni linavyodaiwa.

Utaratibu unaofaa basi ni mfupi. Anayepigiwa aulize jina la kampuni, tarehe ya mkopo, kiasi na nambari ya akaunti, aandike, kisha akate bila kulipa wala kuahidi. Atafute mwenyewe nambari rasmi ya kampuni hiyo, asitumie aliyopewa na mpigaji. Aangalie kama imo katika orodha ya wakopeshaji wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu. Mkopo wa Hazina ya Hustler huonekana kwa *254#, na kila mtu ana haki ya ripoti moja ya CRB bila malipo kwa mwaka. Nambari ya mlaghai ipelekwe kwa 333 ya Safaricom, na kama pesa zimekwenda, taarifa iandikwe kituo cha polisi; kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la kifungo cha hadi miaka 3 chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu.

Ikibainika kwamba deni ni la kweli, lilipwe kwa njia yake, hata kidogo kidogo. Aliyetuma malipo ya Hazina ya Hustler kwa namba ya mlaghai, hata kwa moyo safi, akibonyeza *254# atakuta salio lake la mkopo halijapungua hata senti.