Tumekwenda Engaruka kuona nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, ziara za kutembelea magofu zimekuwa jambo la kawaida kwa vijana wetu, hasa nyakati za likizo. Hukodiwa basi, hupikwa pilau, watu wakaenda na kurudi. Hilo si baya. Swali ni moja: tunakwenda kuona nini?

Qur'an inatutaka tutembee katika ardhi na kutazama. Surat Rum, aya ya 9, inazungumzia kaumu zilizowazidi nguvu watu wa Makka, zikailima ardhi na kuistawisha kuliko wao, kisha zikapita. Sura hiyo ina jina la Warumi, ambao magofu yao yametapakaa kutoka Uingereza hadi Syria. Lakini Muislamu wa Mwika hana haja ya nauli ya kwenda Roma. Akiondoka kabla ya alfajiri, akapita Moshi, Arusha na Mto wa Mbu, mchana huo huo yuko Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Hivi karibuni tulikwenda huko na vijana wa madrasa. Hakuna nguzo za marumaru. Kuna mawe: misingi ya nyumba mtelemkoni, kuta za mashamba na mifereji iliyoleta maji ya mito itokayo nyanda za juu za Ngorongoro. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 watu walilima hapo kwa umwagiliaji, katika eneo la takriban hekta 2,000, mahali penye mvua haba. Kijana mmoja alipouona mfereji aliuliza: "Mwalimu, huu si mfongo?" Alikuwa sahihi. Ni elimu ile ile ya babu zetu wa Kilimanjaro.

Tusiwahukumu

Baadhi ya vijana walikimbilia kusema kuwa watu hao waliangamizwa kwa dhambi zao. Hapana. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr, makazi ya Thamud, akiwa njiani kwenda Tabuk mwaka wa 9 Hijria, aliwakataza sahaba wasiingie ila kwa kulia. Lakini habari ya Thamud tumeletewa na wahyi. Ya watu wa Engaruka hatukuletewa, na watafiti wana maoni tofauti kuhusu sababu ya wao kuhama. Kumhukumu mtu bila dalili ni dhulma, hata akiwa kaburini. Funzo la mawe yale linatuhusu sisi tulio hai.

Maji ni amana

Mfereji hauchimbwi na mtu mmoja. Unahitaji watu wanaokubaliana, wanaopeana zamu na wanaotoka pamoja kuuzibua. Bukhari amepokea kisa cha Zubayr (r.a.) aliyegombana na mtu wa Ansari juu ya mfereji wa kumwagilia mitende. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubayr amwagilie kwanza, kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Hiyo ni sheria ya mfongo, ndugu zangu!

Sasa tujiulize. Mwika na kwingineko Uchagani, mifongo mingi imekauka au imeachwa. Tumezoea kulaumu theluji ya mlimani kupungua. Kweli inapungua, lakini chemchemi zetu hutegemea zaidi mvua na msitu. Msitu unakatwa na watu. Mfongo unazibwa na watu. Zamani asiyefika kwenye kazi ya kuzibua alitozwa faini. Leo wenye nguvu wako Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, wanapanda kijijini Desemba tu.

Na mjini je? Tazama pa kutawadhia katika misikiti yetu. Mamia wanatawadha, bomba linavuja wiki nzima, na bili inapokuja anatafutwa mfadhili. Watu wa Saba'i, kama inavyoelezwa katika Surat Saba', aya ya 15 hadi ya 17, walikuwa na bustani kuume na kushoto. Waliikufuru neema, ikaja mafuriko, na bustani zikageuka miti ya matunda machungu. Hao tumeambiwa sababu yao. Tutakuwa na udhuru gani?

Kwa hiyo, viongozi wa misikiti na madrasa, endeleeni kupeleka vijana kwenye magofu. Wafundisheni kupunguza na kuunganisha adhuhuri na alasiri wakiwa safarini, ili basi lisirudi na deni la swala. Wafundisheni kutochukua hata jiwe moja. Na wakirudi, Jumamosi inayofuata wapeni majembe wakazibue mfongo mmoja, au warekebishe bomba la msikiti. Hapo ndipo ziara itakuwa imekamilika.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotazama wakazingatia. Amin.