Amri na Maana Yake

Mtu akiyashika maneno ya amri na kuiacha maana yake, je, ametii? Wengi hudhani ametii, maadamu askari hana la kumshtaki. Natulipime jambo hili kwa mambo yaliyotukia Kenya.

Mwezi wa Machi, 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini humo, baa zilifungwa. Mwishoni mwa Aprili hoteli za chakula zikaruhusiwa kufunguliwa kwa masharti: watu wanawe mikono, wapimwe joto la mwili, tena wakae mbalimbali. Pombe ilipata kuuzwa pamoja na chakula. Basi, werevu wakaona mlango. Waliagiza chakula kidogo, wakakaa na chupa saa nyingi. Na baa nyingine zikajiita hoteli.

Maneno ya amri walikuwa wameyashika. Lakini sababu ya amri ilikuwa nini? Ugonjwa ule huenda kwa pumzi, hasa ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Anayekula au kunywa hawezi kuufunika mdomo. Na aliyelewa hupaza sauti, humkaribia mwenziwe, husahau saa. Sahani iliyowekwa mezani haizuii pumzi. Tena mtu aweza kuuambukiza ugonjwa kabla hajajisikia mgonjwa, akampelekea mzee wake nyumbani.

Pengine mtu atasema, “Amri zile ziliwanyima watu riziki.” Ni kweli, wapishi na watumishi wa mezani waliteseka sana. Lakini hila iliwaongezea mateso. Tarehe 27 Julai, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alikataza pombe isiuzwe katika hoteli zote za chakula kwa siku 30. Mwenye hoteli aliyetenga meza zake kwa uaminifu alipata hasara sawasawa na mdanganyifu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Tumfikiri pia mtumishi aletaye chakula. Mgeni huchagua kuingia na kutoka. Yeye hukaa humo kutwa, akivuta pumzi za wote, wala hathubutu kumwambia mgeni, “Ondoka,” asije akafukuzwa kazi.

Kwa hiyo nasema kwamba mtu yule hakutii. Amri ya namna hii yawalinda watu tusiowajua majina. Anayetafuta upenyo ndani yake asijiulize tu kama ataonekana. Na ajiulize ni nani atakayeugua kwa ajili yake.