Kabla ya Kupeana Mikono

Shamba la uwele kule Nzuguni, mashariki ya Dodoma, zamani lilikuwa shamba tu. Aliyelima alivuna, na mvua ilipokosekana wote walilala njaa sawasawa. Lakini tangu Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na hasa tangu ilipoanza kuhamia kwa kweli mwaka 2016, mashamba yamekuwa viwanja. Siku hizi Nzuguni ina kituo kikuu cha mabasi na uwanja wa maonyesho ya Nane Nane, na ardhi ambayo babu hakuona haja ya kuiwekea mpaka hupimwa na kuuzwa. Basi mzee akifariki, hata kabla ya matanga kwisha, ndugu hawatazamani usoni.

Sisi mapadre twaombwa mara kwa mara kuadhimisha Misa ya kuwapatanisha ndugu wa namna hiyo. Ni ombi jema. Lakini ndani yake limo swali ambalo halina budi kuulizwa waziwazi: je, yafaa kumtaka mjane apeane mkono na shemeji yake, ilhali hati ya kiwanja ingali mfukoni mwa shemeji?

Wengi hujibu kwamba yafaa; watu wasameheane kwanza, mambo ya mali yatafuata. Sisi twaona sivyo. Amri ya saba haikai kando wakati wa msiba. Mwizi wa ng'ombe akija kuungama huagizwa kurudisha ng'ombe. Kwa nini aliyetwaa kiwanja cha yatima aambiwe kusali tu? Mjane huambiwa, "Mama, tusiaibishane, tuyamalize kifamilia," na kumbe kuyamaliza maana yake ni yeye anyamaze.

Wapo wanaoegemea mila. Ni kweli kwamba tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilimnyima mjane fungu la urithi, likasema fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Na mabinti likawaweka daraja la tatu, nyuma ya kaka zao. Sisi hatulisifu. Lakini hata mila hiyo huwatanguliza watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake. Baba mdogo ajitwaliaye kila kitu ameivunja hata mila anayoitaja.

Wengine humtaja Mtume Paulo, aliyewakemea Wakorinto kwa kupelekana mahakamani na kuwauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Maneno hayo husomewa wajane. Mashemeji husomewa mara chache, ingawa papo hapo Mtume awageukia wale wanaowadhulumu ndugu zao. Tena mtu aweza kuacha haki yake mwenyewe; haki ya mtoto wa miaka mitano si ya mama kuiacha. Mjane aendaye Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi hatendi dhambi.

Hata hivyo mahakama isidaiwe isichoweza. Wakili S. M. Otieno wa Kenya alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wa marehemu wakashindania mahakamani mahali pa kumzika, mpaka Mei 1987 alipozikwa Nyalgunga, Siaya. Hukumu ilisema nani azike. Mjane hakuhudhuria maziko.

Yafaa basi kukisoma tena kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake Yosefu walikuwa wamekwisha kupatana naye, na Yakobo alikaa nao Misri miaka 17. Lakini mzee alipokufa tu, hofu ikawarudia: labda sasa Yosefu atalipa kisasi. Kumbe amani ya miaka yote hiyo, kwa upande wao, iliegemea uhai wa baba! Hivyo ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi. Kifo hakileti ugomvi, huondoa nguzo iliyouzuia. Yosefu akalia, akawaahidi kuwalisha wao na watoto wao.

Mtu atasema: tazama, aliyedhulumiwa alisamehe bila kudai kitu. Ni kweli, hakudai. Lakini siku zile za njaa hakujitambulisha kwao mpaka Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumwuza, alipojitoa abaki mtumwa badala ya Benyamini. Miaka ya Yosefu haikuweza kurudishwa, naye Yuda akatoa alichobaki nacho, yaani nafsi yake. Kiwanja chaweza kurudishwa.

Kwa mjane twasema hivi: adai haki ya watoto, lakini asiwafundishe kumchukia baba yao mdogo. Hilo ni gumu kuliko kesi, na hakuna hakimu awezaye kumsaidia.

Kwa shemeji aliyekwisha kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kanuni humpa miezi minne kuipelekea mahakama taarifa ya mali na madeni ya marehemu. Miezi minne ni Jumapili 17. Asingoje ya mwisho. Fomu yaweza kujazwa wiki hii, mjane akiwapo, na hati ya kiwanja ikiwa mezani.