HOTUBA YA IJUMAA: MTOTO, TELEFONE NA IDHINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia,

Leo tuzungumze habari ya telefone mikononi mwa watoto wetu wanafunzi. Wazazi watatu wamenijia kwa neno lile lile: mtoto amerudishwa nyumbani kutoka masomoni kwa sababu ya telefone, nao wanataka imamu aende kumwombea kwa prefe. Kabla sijaenda kokote, nimeona niseme nanyi.

Jueni kwanza kwamba jambo hili halikuanzia kwa prefe wa huku. Ufaransa ilitunga sheria mwezi wa Agosti 2018 kuwakataza watoto wa shule kutumia telefone, tangu madarasa ya chini mpaka umri wa miaka kama 15. Mwaka huo huo jirani zetu wa Rwanda nao walizikataza shuleni. Brazil ikafuata kwa sheria ya Januari 2025. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mtoto ambaye hajafika miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti ya Facebook, TikTok, Instagram na mengine ya namna hiyo. Na sheria yao haimpigi faini mtoto wala mzazi, inaipiga kampuni. Mimi hilo limenipendeza, maana siku zote anayeuza ndiye anayeachwa.

Tarehe hiyo ya 10 Desemba mnaikumbuka. Ndiyo siku vita vilipoingia Uvira, baada ya kuteremka uwanda wote huu wa Ruzizi. Wengi wenu mlikuwa mmekwisha kuvuka mto, mko ng'ambo ya Burundi na watoto mgongoni. Nitarudi hapo.

Kuna kijana aliniambia kwamba kumwekea mtoto mipaka ya umri na saa ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia afungue Suratun-Nur, aya ya 58 na ya 59. Humo Mola wetu ameweka sheria ya watoto ndani ya nyumba. Nyakati tatu mtoto asiingie kwa wakubwa bila kuomba idhini: kabla ya swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao kupumzika, na baada ya swala ya Isha. Kisha akasema kwamba watoto wakibaleghe, waombe idhini kama wakubwa wanavyoomba. Basi saa zimo, umri umo, na idhini imo.

Sasa nawauliza. Ni mgeni gani mnayemruhusu aingie chumbani kwa binti yenu baada ya Isha bila kupiga hodi? Hayupo. Lakini telefone haipigi hodi. Watu wasiojulikana kwao wala ukoo wao wanazungumza na watoto wetu usiku, sisi tumelala upande wa pili wa ukuta. Sheria ya masomo inaishia saa saba mchana mtoto anapotoka. Kuanzia hapo mpaka asubuhi, sheria ni wewe baba na wewe mama. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na tusiwasingizie watoto peke yao. Picha ya msichana mmoja mwanafunzi ilipigwa bila yeye kujua, ikazunguka kijiji kizima. Waliotumiana wengi walikuwa na ndevu. Mtoto yule ameacha masomo mpaka leo. Serikali yetu ina Kode ya mambo ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inayomwadhibu hata anayesambaza uongo juu ya mtu kwa njia hizi. Ambaye haogopi Kode, Suratul-Israa aya ya 36 inamkumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Sasa nirudi kwenye Desemba, niseme kosa langu mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2025, chuoni kwetu, nilimkuta kijana wa miaka 13 anaangalia picha zisizofaa, wenzake wanasoma Juzuu Amma. Nikamnyang'anya telefone, nikaifungia sandukuni. Nikamwambia, "Utaipata Ramadhani." Akasema, "Mwalimu, mama hunipigia kwa hiyo." Mama yake anauza ndagala Uvira, mtoto anakaa hapa kwa bibi yake. Nikaona ni ujanja. Sikumwita bibi, sikumtafuta mama.

Risasi zilipofika tulikimbia kila mtu njia yake, sanduku likabaki. Kijana akapotezana na bibi yake barabarani, akavuka mto na watu asiowajua. Kule walimwuliza namba ya mzazi wake. Mtoto yule alijua Suratul-Mulk yote kwa moyo. Namba ya mama yake hakuijua, ilikuwa ndani ya telefone.

Mama alimtafuta siku tisa. Alhamdulillahi, alimpata. Baadaye alikuja kwangu, hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, nashukuru kwa kumtia mwanangu adabu. Lakini ungenituma mtu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo wale wazazi watatu wanisikie vizuri. Sitakwenda kwa prefe kuomba mtoto aruhusiwe telefone darasani. Kukatazwa ni haki, na chuoni kwetu pia imekatazwa. Nitakwenda kwa neno lingine: telefone ikishikwa isivunjwe, isiuzwe, isikae miezi kabatini kwa mwalimu. Ni amana, na Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamuru amana zirudi kwa wenyewe. Mzazi aitwe siku hiyo hiyo, apewe mkononi, aambiwe sababu. Na kila masomo yawe na namba moja ambayo mzazi aliye Uvira, Bukavu au Bujumbura anaweza kuipiga akamwulizia mtoto wake. Katika nchi yenye amani mtu anaweza kukataza akalala. Sisi tukiufunga mlango mmoja inabidi tuache dirisha.

Nyumbani, baada ya Isha telefone zilale kwa baba au kwa mama. Na ya baba nayo izimwe, maana Ijumaa iliyopita iliyolia muziki katika sijda haikuwa ya mwanafunzi.

Chuoni tumeanza jambo jipya. Kila mtoto anahifadhi namba mbili, ya mzazi na ya ndugu anayekaa mbali na hapa, na tunamsikiliza kama tunavyomsikiliza sura. Ambao hamjaleta namba, baada ya swala mwalimu yuko mlangoni na daftari. Wasiojua kuandika wamtajie tu.

Allah atusamehe sisi na nyinyi. Simameni tuswali.