Kichwa cha Yatima

Waarabu wana msemo wa zamani kuhusu mtu anayejifunza hijama kwenye vichwa vya mayatima. Mwenye wazazi hutafutiwa fundi aliyeiva. Yatima ndiye anayekatwa na mwanagenzi, kwa sababu akilia hakuna wa kuja kuuliza.

Msemo huu unanisumbua kila nikiwafikiria madaktari wa upasuaji wa moyo na kifua. Hakuna anayezaliwa na kazi hiyo. Unasoma udaktari, unazunguka wadi chini ya wakubwa, unajifunza upasuaji wa jumla, halafu ndio uanze kifua. Ukijumlisha, ni zaidi ya miaka 10. Na ndani ya miaka hiyo lazima ifike asubuhi moja unaposhona vali kwa mara ya kwanza ndani ya mtu aliye hai, moyo wake umesimamishwa, mashine inamsukumia damu. Sasa huyo mtu ni nani?

Mimi ni wa Kinango, kwa hiyo nina jibu. Ugonjwa unaowapeleka vijana wengi wa Afrika Mashariki kwenye upasuaji wa vali huanza na koo. Mtoto anaumwa koo, wanalala sita chumba kimoja, kliniki iko mbali, na penisilini, dawa ya bei nafuu kabisa, haimfikii. Inafuata homa ya baridi yabisi: mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu unageukia vali za moyo wake wenyewe. Miaka inapita kimya. Akifika 19, msichana anapumzika mara tatu akitoka kuteka maji.

Hospitali ya Tenwek kule Bomet, mojawapo ya mahali wanapofunzwa madaktari hawa nchini Kenya, inajulikana kwa kuwatibu vijana wa aina hii. Yaani umaskini unakuuguza, kisha unakulaza kwenye meza ambayo wengine wanajifunzia. Mwenye pesa amepanda ndege kwenda India.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Binti wa shangazi yangu ana vali iliyokakamaa, na amepangiwa upasuaji kwenye hospitali ya mafunzo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, lakini nyumbani bado ndiye "msomi", kwa hiyo fomu ya ridhaa ililetwa kwangu. Imeandikwa Kiingereza kitupu. Nikaitafsiri chini ya mwembe, familia nzima ikisikiliza.

"Na atakayempasua ni nani, mwanangu?" shangazi akauliza.

Fomu ilisema ni daktari yeyote atakayepangwa.

"Mtoto wangu si daftari," akasema.

Baba mdogo akamjibu, "Dada, hata huyo bingwa unayemtaka alianzia kwa mtoto wa mtu."

Baba mdogo ana hoja. Mwaka 1953, kule Philadelphia, John Gibbon alimfanyia msichana wa miaka 18 upasuaji wa moyo kwa kutumia mashine aliyoihangaikia kwa miaka mingi, na msichana akapona. Lakini kabla yake kulikuwa na mtoto mdogo aliyefariki, na wagonjwa waliofuata walifariki pia, mpaka Gibbon mwenyewe akaacha upasuaji wa moyo. Tanzania nayo, ilipoanzisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mwaka 2015, ilitaka kupunguza kupeleka wagonjwa nje. Hilo haliwezekani bila mikono ya nyumbani kujifunza kwa miili ya nyumbani. Tena mwanagenzi haachiwi kisu peke yake. Anaanza kwa kusaidia, anafunga kifua, anasogea hatua kwa hatua, na mkubwa wake amesimama ng'ambo ya meza.

Lakini shangazi hakukataa watu wafunzwe. Alikataa kufichwa. Daktari akikwambia, "Leo nitashona mimi, bado najifunza, na mwalimu wangu huyu hapa," nawe ukakubali, umetoa kitu kikubwa kuliko damu. Usipoambiwa, umechukuliwa tu, hata kama uzi ni uleule na mikono ni ileile.

Utasema: wakiambiwa ukweli, watakataa. Labda baadhi. Ila sikiliza hoja hiyo vizuri. Inasema maskini asiulizwe, kwa sababu huenda akatumia haki ambayo mwenye bima kubwa anaitumia kila siku bila kugombezwa. Na binti wa shangazi, tulipomgeukia yeye mwenyewe, hata hakudai bingwa. Alisema, "Wanijulishe tu ni nani. Nimwone uso kabla sijalala."

Sidai kwamba daktari akihitimu lazima arudi Kinango. Bila mashine, akiba ya damu na wauguzi wa kumwangalia mgonjwa usiku kucha, atakuwa mtu mwenye mikono mizuri tu. Nadai mawili. Fomu iandikwe kwa lugha anayoielewa anayeitia sahihi, na imtaje mwanagenzi. Na kama mafunzo haya ni sadaka ya jamii nzima, basi wenye wazazi nao waitoe, wapite kwenye mikono hiyohiyo.

Upasuaji ni mwezi ujao. Shangazi ameniomba nimwandikie swali lake kwa Kiingereza kwenye karatasi. Ataenda nalo.