Ramadhani siku ya 14: Klipu tano kwa siku



Kijana akiniambia, "Ustadh, tukirusha klipu tano kila siku hadi Idi, wafuasi watajaa na michango ya futari itaongezeka," hunitolea na dalili: hadithi ya Bi Aisha (r.a.), ipo kwa Bukhari na Muslim, kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Kwa upande wa mtandao hajakosea sana. TikTok huanza kuipeleka klipu kwa watu kadhaa. Wakiitazama mpaka mwisho, inapelekwa kwa wengine. Ukirusha nyingi umeongeza nafasi za kubahatisha, basi. Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa hapo mkoa wa Pwani, walirusha video fupi wakifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwenye kipindi chake cha redio. (Suala la nyimbo tuliache kwa leo.) Lakini watu walikuwa na kitu cha kutazama pale. Sisi tano kwa siku tutazitoa wapi? Darsa ni moja, baada ya Alasiri.

Hapo ndipo simu inapohamia kwa bibi anayepokea unga na tende. Darsa imetazamwa na watu thelathini, bibi akilia anatazamwa na mamia, na kijana anajifunza haraka sana nini kinalipa. Keshokutwa utamsikia: "Bibi, rudia kushukuru, upepo umeharibu sauti." Na upepo wa Gairo mnaujua!

Atasema bibi alikubali. Alikubali vipi, na unga bado uko mkononi mwako? Ile klipu haifutiki, mjukuu wake ataonyeshwa shuleni kwenye simu ya mwenzake.

Ni kweli sadaka ya wazi haikukatazwa. Al-Baqarah aya ya 271 inaisifu, kisha inasema ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Aya ya 264, kabla yake kidogo, inaonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka. Mimi naona kumrekodi mtu na njaa yake kuko karibu mno na maudhi. Na hadithi ya Bi Aisha inazungumzia amali kudumu. Idadi ya watazamaji haimo.

Kwa hiyo kwa siku zilizobaki, darsa irushwe kila siku, moja tu, hata wakitazama thelathini walewale. Wachangiaji wana haki ya kuona pesa yao imekwenda wapi, basi pigeni picha magunia na masufuria kabla watu hawajafika. Wakishafika, simu mfukoni.

Kesho in shaa Allah tutaanza zakatul-fitri. Allah atutakabalie swaumu zetu.